Msongamano Kilimanjaro: Mgeni anaambiwa polepole, mpagazi anakimbia

Desemba 24, 2025, mkesha wa Krismasi, helikopta iliyokuwa kwenye kazi ya kuokoa wagonjwa Mlima Kilimanjaro ilianguka karibu na kambi ya Barafu. Watu watano walifariki: watalii wawili, daktari, mwongozaji na rubani. Chanzo cha ajali ni kazi ya wachunguzi wa usalama wa anga, na safu hii haitaingia huko. Swali la daktari linaanza saa kadhaa kabla ya helikopta kuitwa. Mtu aliyeondoka getini akiwa mzima anafikaje mahali ambapo hawezi tena kushuka kwa miguu yake?

Kwa msomaji wa Mabogini, Njoro au Pasua, swali hilo si la wageni peke yao. Sisi tunaoishi huku chini, kwenye joto na mashamba ya mpunga, takriban mita 700 juu ya usawa wa bahari, tunauona mlima kila asubuhi mawingu yakifunguka. Vijana wetu wanaupanda na mizigo kichwani. Watoto wetu wanapelekwa na shule zao. Msimu wa Juni hadi Oktoba ukifika, kuna mama ambaye mwanawe ataaga akisema anakwenda "tripu" ya siku sita au saba, na mama huyo hatajua la kumuuliza. Makala haya ni yake.

Njia nyingi, daraja moja

Kilimanjaro hupandwa na watu zaidi ya 50,000 kwa mwaka. Wangegawanyika sawasawa kwa siku 365 na kwa njia zote, pengine tusingekuwa na mjadala. Lakini hawagawanyiki. Wanajaa kipindi cha kiangazi, Januari hadi mwanzoni mwa Machi na Juni hadi Oktoba, tena wanajaa zaidi Krismasi, mwaka mpya na siku za mwezi mpevu, kwa kuwa kila mtu anataka mwanga wa mwezi usiku wa kwenda kileleni.

Njia nazo hukutana. Wanaotokea Machame, Lemosho na Umbwe wote hufika Barranco, kisha hupanda ukuta uleule wa mawe, hupita Karanga na kulala Barafu. Ni kama barabara tatu zinazoingia kwenye daraja moja. Halafu karibu wote hushukia Mweka.

Kumbuka pia kwamba mtalii hapandi peke yake. Kundi la wageni kumi hufuatana na wapagazi, wapishi na waongozaji thelathini au zaidi. Kwa hiyo kambi inapojaa, wengi waliomo ni Watanzania.

Kinachoibwa ni muda

Wengi tukisikia msongamano mlimani tunawaza watu kusukumana na kuporomoka. Hilo linaweza kutokea, hasa kwenye mawe. Lakini ugonjwa mkubwa wa mlimani una chanzo kingine: mwili kukosa muda wa kuzoea hewa nyepesi. Msongamano ni hatari kwa sababu unaiba muda huo.

Kileleni, mita 5,895, kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa ufukweni Tanga. Mwili unaweza kujirekebisha. Unapumua haraka zaidi, figo zinarekebisha hali ya damu, moyo unaongeza kasi. Kazi hiyo huchukua siku, na haiharakishwi kwa mazoezi wala kwa ujana. Ndiyo maana kijana mwenye misuli anaweza kuzidiwa huku mzee wa miaka 60 aliyekwenda taratibu akifika juu salama.

Ushauri wa kitabibu ni kwamba ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya mahali ulipolala jana na utakapolala leo, na kila baada ya siku tatu au nne ukae siku moja bila kupanda. Sasa angalia safari ya siku tano ya njia ya Marangu. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,720, na hapo hulali hadi asubuhi, unaamshwa karibu na usiku wa manane kuelekea kileleni. Kila siku unaongeza mita 1,000, yaani mara mbili ya kiwango kinachoshauriwa.

Siku ya ziada Horombo inasaidia sana. Lakini siku ya ziada ni fedha: ada ya hifadhi, chakula, ujira wa watu. Soko likijaa kampuni zinazoshindana kwa bei, kitu rahisi kupunguza ni siku. Na vitanda au nafasi za mahema vikiwa vimekwisha pangwa kwa kundi la kesho, aliyeamka na kichwa kinachouma hapati nafasi ya kusema, "Leo nibaki hapahapa."

Usiku wa foleni

Safari ya kileleni huanza usiku. Kutoka Barafu hadi Stella Point, mita 5,756, ukitazama juu unaona taa za kichwani zimejipanga kama siafu. Wa mbele akisimama kutapika, walio nyuma wanasimama. Ukisimama kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi sifuri, joto ambalo misuli ilikuwa inalitengeneza linapotea. Jasho lililolowesha nguo za ndani linageuka barafu. Vidole vinakufa ganzi, na mtu aliyetegemea kutumia saa sita anatumia nane.

Dunia iliona jambo hili Mei 2019, picha ya foleni karibu na kilele cha Everest iliposambaa. Msimu huo watu 11 waliripotiwa kufariki Everest. Kule wapandaji hubeba mitungi ya oksijeni, na foleni ilikuwa inakula oksijeni yao. Kilimanjaro wengi hawana mtungi. Foleni yetu inakula joto na nguvu za kushukia.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye picha. Katikati ya foleni ni vigumu kugeuka. Mgonjwa anaona aibu, mwongozaji anasita kumrudisha mgeni aliyelipa mamilioni, na wote wawili wanajifariji kuwa wengine nao wanahema hivyohivyo. Tafiti zilizofanywa kwenye njia za mlima huu zimekuta takriban nusu ya wapandaji, na nyingine zaidi ya hapo, wana dalili za ugonjwa wa mwinuko. Dalili zikiwa za wengi, huonekana za kawaida.

Anayewahi kambi

Neno la Kiswahili ambalo kila mtalii hulijua kabla ya kushuka Kilimanjaro ni "polepole". Ni tiba kweli. Lakini angalia nani anaambiwa hivyo. Mgeni anapotembea polepole, mpagazi wake anampita mbio na mzigo kichwani ili awahi kambi. Kambi zikijaa, anayechelewa anapewa sehemu ya mteremko, yenye mawe, au iliyo mbali na maji. Kwa hiyo kadiri wageni wanavyoongezeka, ndivyo vijana wetu wanavyozidi kukimbia, tena wakipishana na wageni kwenye ukuta wa Barranco ambako pa kukanyagia ni padogo.

Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na hupimwa kwenye mizani getini. Kikomo hicho ni kizuri. Hata hivyo kilo 20 kwa mtu anayetembea si kilo 20 kwa mtu anayekimbia akiwa mita 4,000. Anafika ametoka jasho, anasimamisha hema la mgeni kwanza, halafu anatafuta maji. Maji ya mwisho kabla ya Barafu yako bonde la Karanga, hivyo maji ya kunywa na kupikia Barafu hubebwa kupandishwa juu. Kambi ikiwa na watu wengi, safari za maji nazo zinaongezeka.

Usiku, wapagazi wengi hulala wamebanana kwenye hema moja kubwa, mara nyingi lilelile la kulia chakula. Hapo kuna hatari mbili ambazo mzazi anapaswa kuzijua. Ya kwanza ni kikohozi. Kifua kikuu huenea vizuri sana mahali penye watu wengi na hewa isiyopita. Kijana anayekohoa wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kabla ya kwenda mlimani, kwa ajili yake na ya wenzake. Ya pili ni jiko. Jiko la gesi, mafuta ya taa au mkaa likiachwa linawaka ndani ya hema lililofungwa ili lipashe joto, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtu analala na haamki.

Halafu kuna hatari ya tatu, ya mfukoni. Mpagazi hulipwa kwa tripu. Akisema anaumwa anarudishwa, na kurudishwa kunaweza kumpotezea posho, bahashishi na hata nafasi ya tripu ijayo. Basi anameza vidonge vya maumivu na kunyamaza.

Uchunguzi mmoja wa kitabibu wa vifo vya watalii Kilimanjaro kati ya 1996 na 2003 ulikuta vifo 25, na 14 kati yake vilitokana na ugonjwa mkali wa mwinuko. Takwimu hizo zimetusaidia sana madaktari. Lakini ziangalie tena: ni za watalii. Mpagazi anayeshuka akikohoa, akapanda bodaboda hadi nyumbani na kuzidiwa siku ya pili, haingii kwenye hesabu ya mlima. Anaandikwa nimonia, na habari inaishia hapo.

Malaria au mwinuko?

Kwetu Mabogini swali hili lina uzito wa pekee. Mifereji ya mpunga inatulisha, na mbu nao inawalea. Kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kukosa hamu ya kula ni dalili za malaria, na ni dalili zilezile za ugonjwa wa mwinuko. Kijana akiugua Shira, mwenzake atamwambia, "Hiyo malaria tu, meza dozi." Saa sita baadaye wako juu zaidi na hali ni mbaya zaidi.

Kanuni ni hii: kichwa kikikuuma mlimani, chukulia ni mwinuko hadi ithibitike vinginevyo. Usipande. Ukizidiwa, shuka. Ukishafika chini, pima malaria kwa kipimo cha haraka. Na ukienda zahanati yoyote ndani ya wiki ile, sentensi yako ya kwanza kwa mhudumu iwe, "Nimetoka mlimani." Maneno hayo mawili, tena matatu ukitaja siku uliyoshuka, yanaweza kubadilisha uchunguzi mzima.

Tusidanganyane pia kwamba kuzaliwa Kilimanjaro ni kinga. Mita 700 za Mabogini hazimzoeshi mtu hewa ya mita 4,000. Hata mpagazi mzoefu akikaa nyumbani wiki kadhaa, mwili wake unaanza kusahau.

Dalili za kukariri

Ugonjwa wa mwinuko una ngazi. Ngazi ya kwanza: kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida au kukosa usingizi. Hapa mtu anapumzika palepale, anakunywa maji, anaweza kumeza dawa ya maumivu, lakini hapandi hata hatua moja hadi dalili ziishe. Zisipoisha, au zikizidi, anashuka.

Ngazi ya pili ni ubongo kuvimba. Mtu anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, anakuwa mkali au mzito kuamka. Kipimo chake ni rahisi: mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ateremshwe sasa hivi, hata kama ni usiku.

Ngazi nyingine ya hatari ni mapafu kujaa maji. Mtu anahema akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma, midomo inabadilika rangi, na mwisho anatoa povu lenye rangi ya damu. Huyu naye ateremshwe mara moja, asijitembeze mwenyewe akiweza kubebwa, na apewe oksijeni ikiwapo. Ubongo na mapafu vinaweza kushambuliwa kwa pamoja.

Tiba kuu ni kushuka. Helikopta, oksijeni na machela ya gurudumu moja ni njia za kusaidia kushuka. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea, lakini ni ya kuandikiwa na daktari, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa. Pombe haipashi mwili joto. Pamoja na vidonge vya usingizi, inapunguza upumuaji usiku, wakati oksijeni inahitajika zaidi.

Mzazi, kabla ya kusaini fomu ya shule

Ziara ya kutwa hadi Mandara ni salama kwa watoto wengi wenye afya, na ni somo zuri la nchi yao. Kwenda juu zaidi na kulala ni jambo jingine. Sheria za hifadhi haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni. Mtoto mdogo pia hawezi kueleza kuwa kichwa kinamuuma. Atakataa chakula, atalialia, atataka kulala tu. Anayemwongoza lazima ajue hivyo.

Iulize shule: Watalala usiku mangapi, na kila usiku mita ngapi? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Mtoto mmoja akiugua, nani atashuka naye, na nani atabaki na wengine? Je, safari imepangwa wiki ambayo mlima umefurika? Shule isiyo na majibu haijajiandaa.

Mtoto au mtu mzima mwenye selimundu, au siko seli kama wengi tunavyouita, asipelekwe maeneo ya juu. Upungufu wa oksijeni unaweza kuamsha maumivu makali na madhara mengine. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu na haugui anaweza, mara chache, kupata madhara ya bandama akiwa juu. Kama kuna mgonjwa kwenye ukoo, pima kwanza.

Wengine wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kupanda ni wenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, kisukari, pumu, upungufu wa damu, na wajawazito. Mwenye homa au mafua ya kifua aahirishe. Mlima utakuwepo.

Nini kifanyike

Mwaka 2024 mkoa wa Yamanashi nchini Japani uliweka kikomo cha watu 4,000 kwa siku kwenye njia ya Yoshida ya Mlima Fuji, ukatoza ada, na ukafunga geti kuanzia jioni kwa asiye na nafasi ya kulala kwenye vibanda. Walengwa wakubwa walikuwa wanaopanda usiku kucha bila kupumzika. Fuji ina mita 3,776, karibu sawa na Horombo yetu. Kama Wajapani wameona kukosa usingizi na haraka ni hatari kwenye urefu huo, sisi wenye mita 2,000 zaidi tuna sababu kubwa zaidi ya kupanga.

Kuna watakaosema kikomo kitapunguza ajira. Ni hoja ya haki. Mkoa huu unakula kupitia mlima, na kijana asiye na tripu ana njaa. Lakini kikomo cha siku si lazima kiwe kikomo cha mwaka. Watu walewale wanaweza kugawanywa kwa tarehe na kwa njia, Rongai ikachukua baadhi ya wanaobanana Machame, na kila safari ikaongezwa siku moja. Siku moja zaidi ni ujira wa siku moja zaidi.

Kwa upande wa afya ningeomba mambo matatu kwa hifadhi na kampuni. Nafasi za mahema zigawiwe getini kwa namba, ili mpagazi asilazimike kukimbia kuziwahi. Mpagazi anayeteremshwa kwa ugonjwa alipwe tripu yake yote, ili asifiche dalili. Na kila ugonjwa na kifo cha mpagazi, mpishi au mwongozaji kiandikwe kama kinavyoandikwa cha mgeni, hata kikitokea nyumbani siku tatu baadaye.

Hayo yanahitaji vikao. Mzazi hana haja ya kusubiri vikao. Mwanao akiaga kesho, muulize tripu ni ya siku ngapi, atalala kwenye hema gani, ana koti na viatu vya baridi au la, na nani atashuka naye akiugua. Kisha mwambie wazi kwamba akirudi mapema bila bahashishi, nyumbani hatasemwa.